Swali la Jumamosi

Siku ya khitma ya mamake, Swabra aliona haya ambayo hajapata kuiona maishani mwake. Juzuu zilikuwa zimekwisha kusomwa, ubani unafuka, na Mwalimu Abdalla amekaa mkekani watu wamemzunguka. Akauliza, kama waulizavyo walimu wote wa pwani hii, atajiwe marehemu wa ukoo ili waombewe pamoja. Akatajwa mamake Swabra. Akatajwa babu, akatajwa bibi. Halafu kimya. Mjomba akamtazama mjomba mwenzake, binamu akakohoa, na mwishowe mtu mmoja akasema kwamba wengine wote Mungu anawajua. Mwalimu akapokea, watu wakaitikia amina, wakala pilau, wakaenda zao.

Mungu anawajua, hilo halina shaka. Lakini wao je? Hilo ndilo lililomkaa Swabra rohoni. Watu wa kisiwa cha Koyama, wenye maringo ya ukoo kuliko kabila lolote kutoka Kismayu hadi Lamu, wameshindwa kumtaja hata babu wa babu! Vita vilikula nyumba zao kisiwani, vikala mashua, vikala minazi, na wao walishazoea kuhesabu hasara hizo kila wakikutana. Hakuna aliyejua kwamba majina nayo yameliwa.

Basi akaanza kuyatafuta. Wanawake wengine wakifika umri wake hufuga kuku au hushona kofia za kuuza. Swabra, mke wa Bakri fundi wa mashua, alichagua kuwatafuta waliokufa. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Ilikuwa raha yake mwenyewe, ya kujipumzisha baada ya kazi za nyumba, na kama raha nyingi za watu wazima, mwanzoni ilikuwa kero kwa kila aliyekuwa karibu naye.

Maana alianza kwa pupa. Alivamia watu harusini, midomo yao imejaa biriani, akawauliza nyanya zao walizikwa wapi. Aliwapigia simu jamaa walioko Ulaya saa za kazi. Akimpata mzee mmoja alimmwagia maswali kumi kwa pumzi moja: nani alimzaa nani, alitoka Chovai au Chula, alikuwa na wake wangapi, na yule mwenye kovu alikuwa nani? Mzee naye akavurugika, akamchanganya shemeji na mkwe, na Swabra akarudi nyumbani na majina ambayo hayakai pamoja. Wanawake wa mtaani wakimwona anakuja hukumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni. Chungu kilichoungua kweli kilikuwa chake.

Bakri hakumwacha hivi hivi. Akila wali ulioshika chini, husema kwamba leo wanakula na wazee wa Koyama, ndio maana una harufu ya moshi wa zamani. Na akiona mkewe amekasirika, humkumbusha ya wahenga: mchimba kisima huingia mwenyewe. Alisema kwa mzaha, maskini, na Swabra akacheka.

Lakini Swabra alikuwa na sababu ya haraka yake, na sababu hiyo ilikuwa harusi. Shihab, mwanawe wa pekee aliyebaki hai, alikuwa amemposa Hanan binti Badi, na nikaha ilipangwa baada ya Idi. Kusema kwamba Swabra alimpenda Hanan ni kusema kidogo. Katika mji huu wa Kismayu, ambao Wabajuni wamekuwa wachache, ambapo watoto wao wanaota ndoto zao kwa Kisomali, kumpata msichana wa asili ya Koyama, mwenye adabu, anayesema "mchu" na "wachu" badala ya mtu na watu bila kuona aibu, Swabra aliona ni Mungu aliyemwandikia. Ni yeye mwenyewe aliyeipeleka posa, kabla hata Shihab hajamaliza kusema kwamba anampenda. Alijiona tayari na wajukuu mapajani, wakisema Kibajuni. Na alitaka siku ya nikaha, mbele ya watu wote, usomwe ukoo wa bwana harusi na wa bibi harusi mpaka juu kabisa, ili asitokee tena mtu wa kusema kwamba wengine Mungu anawajua.

Aliyemtia adabu katika kazi hii ni Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa binamu wa mamake, mzee wa Koyama ambaye baada ya miaka ya kambi ya wakimbizi Mombasa alirudi moja kwa moja kisiwani, akasema mji wa Kismayu hautaki. Sasa macho yalikuwa yamemfifia, na mpwa wake akamleta mjini ili awe karibu na daktari, akamweka nyumba ya uchochoro wa pili kutoka kwa Swabra. Swabra aliposikia hakulala kwa furaha. Kesho yake alikwenda na maswali yake yote kumi. Bi Mishi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba yeye si mfereji wa kufunguliwa ukamwaga. Akamsukumia fungu la miyaa iliyochanwa, akamwambia ashike ukili wa mkeka asuke.

"Koyama hakuna aliyesimulia mikono mitupu," akasema. "Mikono ikikaa bure, ulimi huongopa. Uliza moja. Likiisha, nenda zako. Na siku utakayorudi, kabla hujaniuliza jingine, nirudishie maneno yangu niyasikie. Nikiyakubali, ni yako."

Hivyo ndivyo Swabra alivyopata mwendo wake. Jumamosi baada ya Alasiri, alikwenda kwa Bi Mishi akakaa mkekani, akasuka ukili, akauliza swali moja tu. Hakuandika pale. Aliandika Jumapili asubuhi, chai ikiwa jikoni, bado sauti ya mzee imo masikioni. Katikati ya wiki alimpigia simu mtu mwingine mmoja, mara nyingi Nuha, jamaa yake aliyeko Sweden, akamuuliza jambo lile lile bila kumwambia alilosikia, kwa kuwa habari ya mdomo mmoja ni nusu ya habari. Na Jumamosi iliyofuata, kabla ya lolote, alimrudishia Bi Mishi maneno yake. Mzee husikiliza amefumba macho. Pakiwa na kosa, hugonga mkeka kwa kidole.

Na majina yakaja! Yalikuja polepole, kila moja na mahali pake. Alikuja Mbwana aliyejenga msikiti mdogo wa Koyama kwa mawe ya matumbawe, akaja dadake aliyeolewa Burgao akakataa kuondoka huko mpaka kufa kwake, akaja babu wa babu mwenyewe, aliyeadimika siku ya khitma. Wali ukaacha kuungua. Wanawake wa uchochoroni wakaacha kumkimbia, wengine wakaanza kumletea majina yao wenyewe. Hata Bakri, mwenye mizaha, alikuja siku moja akakaa karibu naye, akauliza kwa sauti ya chini kama Bi Mishi angeweza kumkumbuka babake mzazi. Swabra hakumtania. Alimwambia tu kwamba lingekuwa swali la Jumamosi.

Zikabaki wiki chache kabla ya Ramadhani. Jumamosi hiyo Swabra aliuliza swali jepesi: mamake alipokimbia Koyama, alibeba nini? Alitaka kitu kidogo cha kuwasimulia wajukuu watakapokuja. Na swali hilo likamfikisha Bi Mishi kwenye ile safari.

Safari hiyo Swabra alikuwemo, lakini hakuwa na kumbukumbu nayo. Walipovamiwa na watu wenye bunduki, wanaume wakabaki nyuma kuziba njia na kuokoa walichoweza, wanawake na watoto wakapakiwa mashuani kuelekea kusini. Swabra alikuwa na homa kali ya malaria na mtoto mchanga, Shihab. Alikumbuka kubebwa mchangani. Baada ya hapo alikumbuka dari ya nyumba moja ya Lamu, na mtoto amelala ubavuni pake, mzima, mnene. Yaliyo katikati alisimuliwa na mamake: kwamba mtoto aliishi kwa maji ya sukari na dua. Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia mara nyingi mno. Shihab alikua akiisikia, na utotoni wenzake walimwita Mwana wa Sukari.

Bi Mishi akasuka, akasimulia. Alisimulia jinsi walivyokwama Burgao kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya hofu, wamejificha chini ya mikoko mchana kutwa, maji yamekwisha. Akasimulia kwamba katika mashua ile alikuwemo Mashavu, mke wa Badi, na mtoto wake wa kiume, kifungua mimba. Mtoto wa Mashavu alishikwa na kuhara. Alikufa asubuhi, wakamzika Burgao juu ya mchanga, mahali ambapo maji hayafiki, wanawake peke yao, na Bi Mishi ndiye aliyemsalia.

"Na kifua chake kikamjaa," akasema. "Wewe ulikuwa maiti, huna hata tone. Mwanao alilia mpaka sauti ikamkauka, akabaki kufungua kinywa tu. Mashavu akaja akamchukua kwa mamako bila kusema neno, akamweka ziwani. Tangu Burgao hadi Lamu mtoto yule hakushika ziwa jingine. Maji ya sukari, nani alikuwa na sukari? Yalikuwa maziwa ya Mashavu."

Swabra akauliza, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, kwa nini hakuambiwa. Bi Mishi akamjibu kwamba kwao Koyama aliyemnyonyesha mtoto wa mwenzake huja mwenyewe na chetezo cha udi, akasema mbele ya watu kwamba huyu ni mwanangu, ili ijulikane. Lakini vilevile kwao Koyama, mtoto aliyekufa bado ananyonya hatajwi mbele ya mamake mpaka yeye mwenyewe amtaje kwanza. Na Mashavu angelitajaje ziwa bila kumtaja aliyelikosa? Wakanyamaza kwa kumsitiri. Kisha kambini watu wakatawanyika, na kila mtu akashughulika na lake.

"Naye akafa palepale kambini, masikini," Bi Mishi akamalizia. "Asiache hata mtoto wa kumrehemu."

Hapo ndipo Swabra alipoelewa kwamba mzee hajui alichokisema. Bi Mishi aliondoka kambini kabla ya wengine, kifo cha Mashavu alikisikia kwa mbali, na bibi harusi wa Shihab alimjua kwa jina tu, si kwa baba. Hakujua, kama alivyojua Swabra aliyebaki kambini, kwamba baadaye Mashavu alizaa mtoto wa kike, akamnyonyesha mpaka akamwachisha, ndipo akafa. Mtoto huyo alilelewa na mke wa pili wa Badi, na wote waliokuja mjini baadaye walimjua kuwa ni wa huyo mke wa pili. Mtoto huyo ni Hanan.

Ukili ukamponyoka Swabra mkononi. Akauokota, akausuka vibaya, akaaga.

Haihitaji chuo kulijua jambo hili, na pwani hata mtoto wa madrasa hulijua. Aliyenyonyeshwa na mwanamke akashiba, si mara moja wala mbili, ni mwanawe. Watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, waliotangulia na waliofuata. Ndugu na ndugu hawaoani, na hakuna sheikh wa kulegeza fundo hilo.

Jumapili hakuandika. Chai ilichemka ikamwagika, na yeye amekaa. Alijiambia kwamba Bi Mishi ni mzee, pengine amechanganya watoto. Alijiambia kwamba waliojua wamekufa au wako mbali, na aliyesema hajui alichosema. Kulinyamazia ilikuwa kazi rahisi, maana hakuna ambaye angemuuliza. Angekwenda harusini, angepiga vigelegele, angepata wajukuu wake. Na kila alipofika kwenye wajukuu, aliomba msamaha kwa Mungu, akaanza upya kujiambia yale yale.

Wiki hiyo Hanan alikuja mchana, Shihab akiwa bandarini kazini, kama ilivyo adabu. Alimletea Swabra mkate wa sinia, akakaa jikoni akachambua mchele, akasema, bila kumwangalia, kwamba anafurahi kuolewa nyumba hii kwa kuwa ataweza kuita mama na kuitikiwa. Swabra akageukia jiko, akisingizia moshi. Alimwonea huruma msichana, akajionea huruma mwenyewe, akamkasirikia Mashavu aliyelala kaburini bila kosa lolote. Alikuwa na hasira na kila mtu siku ile, na zaidi na ile tabia yake ya kuuliza.

Jumamosi hakwenda kwa Bi Mishi. Alituma salamu kwamba ana shughuli za harusi. Jumamosi nyingine vivyo hivyo. Ndipo Bi Mishi alipompeleka mpwa wake na ujumbe: maneno yangu yako kwako, nirudishie.

Akaenda. Angefanyaje? Alikaa mkekani, akashika ukili, akarudisha. Alitaja upepo na mikoko. Alitaja kiu, na mtoto wa Mashavu, na kaburi la mchanga. Halafu akapandisha mashua moja kwa moja hadi Lamu.

Kidole cha Bi Mishi kikagonga mkeka.

"Umeruka," akasema. "Mashavu na mwanao."

Swabra akasema kwamba hapo hakuwa na hakika. Bi Mishi akafumbua macho yake yenye ukungu, akayaelekeza kule sauti inakotoka.

"Hakika ninayo mimi. Mwanangu, umekuja kwangu miezi yote hii kwa kuwa watu wetu wamesahaulika. Na sasa unamsahaulisha mchu wewe mwenyewe, kwa makusudi? Mashavu alikuwa ametoka kuzika mwanawe. Mikono ina mchanga bado. Akampa wa kwako. Mchu wa namna hiyo harukwi."

Swabra akalia. Akamwambia yote: Hanan ni wa nani, na harusi ni lini. Midomo ya Bi Mishi ilisoma kitu. Akasema innalillahi. Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wa Swabra, akaushika.

Likabaki tumaini moja, nalo ni mdomo wa pili. Swabra alimpigia Nuha, aliyekuwa msichana mkubwa katika mashua ile. Alimuuliza kama alivyozoea, bila kumwambia alilosikia: baada ya Burgao, Shihab aliishi kwa kunywa nini? Aliomba kwa roho yake yote asikie maji ya sukari. Nuha akasema kwamba hili aliapishwa asiliseme, lakini waliomwapisha wote wameshatangulia. Akasema alikuwa akimwona Mashavu akimnyonyesha Shihab huku akimwimbia kwa jina la mwanawe aliyekufa. Swabra akamshukuru, akakata simu. Ule mwendo wake wa kazi, aliojivunia mbele ya watu, ulikuwa umemfungia mlango wa mwisho.

Alimwambia Bakri. Bakri aliketi juu ya gogo la mlingoti alilokuwa akilichonga, akainamisha kichwa. Swabra alingoja amkumbushe kisima. Hakumkumbusha. Alisema tu waende wote wawili kwa Mwalimu Abdalla, na Mwalimu, baada ya kuwasikiliza na kuuliza aliyopaswa kuuliza, akawaambia walichokwisha kukijua.

Shihab ndiye aliyekuwa mgumu. Alisikiliza amesimama, nguo zake bado zina vumbi la saruji ya bandarini. Mamake alipomaliza, alimtazama kama anayemtazama mgeni.

"Na ungenyamaza?" akasema. "Ungenyamaza tu, mama. Nani alikuuliza?"

Swabra alikuwa na majibu mengi. Kwamba haramu haiwi halali kwa kutojulikana. Kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Hakutoa hata moja. Alimwambia kwamba alijaribu kunyamaza, na kwamba siku alizonyamaza alimchukia kila mtu, hata yeye mwanawe. Shihab akatoka. Chakula chake kikapoa, kikafunikwa, na mwishowe Bakri akakipeleka kwa jirani.

Kwa Badi alikwenda Swabra mwenyewe. Posa aliipeleka yeye, na hili pia alilipeleka yeye. Badi alimpokea barazani akidhani ni mambo ya mahari. Alipoisikia habari, jambo la kwanza lililomtoa machozi halikuwa harusi. Alikuwa anajua kwamba mwanawe wa kwanza alikufa njiani. Mkewe hakuweza kumwambia zaidi, na yeye hakuthubutu kumuuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba mtoto ana kaburi, na kwamba lipo Burgao, mahali maji yasipofika, na kwamba alisaliwa. Alirudia neno hilo mara kadhaa: alisaliwa.

Hanan alikuwa amesikia yote kutoka mlango wa ndani. Akatoka akakaa mbele ya Swabra. Hakuwa analia. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini akawa bado hajui yuko wapi.

"Mamangu sina hata picha yake," akasema. "Kaburi lake la kambini limejengwa juu, baba alinionyesha, kuna maduka. Kila niliyemuuliza aliniambia alikuwa mtu mzuri. Hivyo tu, mtu mzuri." Akasogea karibu na Swabra. "Alikuwa anaimba?"

Swabra akamwambia alikuwa anaimba. Akamwambia yote aliyoyasikia kwa Bi Mishi na kwa Nuha, mchanga mikononi na mtoto aliyekauka sauti, na jinsi alivyokuja kumchukua bila kusema neno. Alilirudisha lote bila kuruka, polepole, na Hanan alimkatiza mara nyingi ili arudie. Mwisho Hanan akalia, na Swabra akamshika, na mke wa pili wa Badi akaja akawashika wote wawili.

Wiki ile watu walisema walivyotaka kusema, maana midomo ya mtaa haina kufuli. Wapo waliomsifu Swabra kwa kumwogopa Mungu, na wapo waliosema kwamba ndivyo anavyolipwa mwenye kufukua yaliyozikwa. Yeye hakutoka nje. Shihab alikuwa akija akilala akiondoka, hasemi na mtu. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alivaa kanzu, akamwambia mamake waende kwa Badi. Lazima aage vizuri, akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka.

Walipofika, Shihab alibisha hodi kutoka mbali na mlango, amegeuza uso pembeni, kama alivyofanya tangu siku ya posa na kama ampasavyo mwanamume asiye ndugu wa nyumba hiyo. Badi akamkaribisha. Mke wa Badi akamwashiria Hanan aingie ndani. Hanan hakuingia. Alibaki pale pale kwenye mkeka wa sebuleni, akangoja Shihab aketi.

Shihab akaketi, macho yake sakafuni. Alianza kusema aliyojiandaa kuyasema, kwamba ni majaaliwa, kwamba hana kinyongo, kwamba amsamehe. Hakufika mbali. Hanan alipandisha mikono, akatoa pini, akaufungua ushungi wake, akaukunja, akauweka magotini. Nywele zikamwangukia mabegani. Zilikuwa nyingi, nyeusi, zenye mawimbi, na Swabra alizitambua. Alikuwa amewahi kuzisuka nywele hizo kambini, kichwani mwa Mashavu.

Badi alishusha pumzi kwa nguvu. Shihab alikuwa bado ameinamisha macho, masikio yamemwiva, ameshika mapaja yake kwa mikono miwili ili asiinue kichwa.

"Nitazame, kaka," Hanan akasema. "Sasa ni halali."